Nyuni Anaogopa Magoti

Bado mnanipigia simu, wanangu. Nimestaafu, nimerudisha funguo za kabati la dawa, nimeagwa kwa keki na leso mbili, nikadhani yamekwisha. Lakini kila nikikaa hapa Kiembeni nikainua miguu yangu iliyovimba juu ya kigoda, simu inalia. "Sista Dama, nina mtoto hapa hanyonyi vizuri, hebu niambie." Nami nawaambia, maana sina roho ya kuwakatia. Ila nimechoka, na heri niseme mapema mtu asije akaniona mkali bure. Nimechoka miguu, nimechoka mgongo, na zaidi nimechoka kusikia habari za mtoto aliyeletwa wakati umeshapita. Basi naandika. Mkishasoma mnipunguzie simu kidogo.

Nilikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto katika kituo kimoja cha afya huku Kisauni. Watu hudhani kazi hiyo ni chanjo na mizani tu. Lakini huyo mtoto anayeletwa kuchanjwa ndiye huenda amezaliwa na tundu kwenye moyo, au mshipa uliobana, na mama yake hajui. Wewe unayemshika paja umchome sindano ndiwe mtu wa kwanza mwenye nafasi ya kujua. Ukimchoma ukamrudisha mgongoni bila kumtazama, nafasi hiyo imekwenda, na mwenzako atakayempata tena huenda ni wa wodini.

Aliyenifundisha kutazama ni Bi Zuhura, aliyekuwa mkuu wetu, mwenyeji wa Kisauni hasa, aliyekuwa akikicheka Kiswahili changu cha Rabai kila siku ya Mungu. Wakati wa kaskazi foleni yote ya kliniki ilikuwa iking'aa jasho, akina mama, watoto, hata mlinzi wa geti. Kitabu kilituambia mtoto mwenye moyo mbovu hutoka jasho akinyonya. Sasa Mombasa nani hatoki jasho? Nikawa nalipita swali hilo kama halipo. Siku moja Bi Zuhura akaniita.

"Dama, ndoo hapa. Mueke mamake chini ya feni, umngoje apoe. Haya, mguse kipaji."

Nikamgusa mama. Alikuwa amekauka.

"Mguse na mwana."

Mtoto alikuwa ameloa mpaka nyuma ya masikio. Ananyonya kidogo, anaacha, anahema, anarudi tena kwenye titi huku analia kwa hasira.

"Jasho hilo ni la kazi, si la jua," Bi Zuhura akasema. "Kunyonya kwake yeye ni kama wewe kupanda ngazi na gunia la mtele kitwani. Andika apelekwe akatazamwe moyo."

Tangu siku hiyo nilikuwa na kiti changu chini ya feni, na umeme ukikatika tuliwahamishia akina mama kwenye upepo wa mlango wa nyuma. Wengine walidhani nawapendelea. Mfanye hivyo hivyo. Mguse mama kwanza, kisha mtoto, na mmtazame akinyonya kwa macho yenu, msiridhike na kuambiwa "ananyonya vizuri." Mama yeyote atasema ananyonya vizuri, kwani hataki kuonekana ameshindwa na kazi yake.

Mtoto wa pili wa kumtilia shaka ni yule wa nimonia isiyokwisha. Kuna mama mmoja wa Bombolulu alikuwa na chupa za dawa ya kifua za kutosha kufungulia duka. Kila mwezi nimonia, kila mwezi chupa, na mtoto uzito haupandi. Mkimwona wa namna hiyo, anahema mbio na homa hana, mpapaseni tumbo upande wa kulia mwone kama ini limeshuka chini ya mbavu. Msimwandikie chupa nyingine mkajiona mmefanya kazi. Na mtoto aliyezaliwa na hali ya Dauni, yule mwenye macho ya kupanda juu na shingo legevu, huyo msingoje dalili yoyote. Mpelekeni tu akapimwe moyo.

Siku hizi mna kile kidude cha kubana kidole kinachosoma oksijeni. Bi Zuhura angekibusu. Mbaneni mtoto mchanga mkono wa kulia na mguu kabla hajatoka wodi ya uzazi, ni kazi ya kitambo kidogo tu. Lakini msikifanye kidude mungu. Kwetu huku mtoto anatiwa hina, na akija na vidole vyeusi vya piko kidude kinaweza kuchanganyikiwa, basi kihamisheni kwenye sikio. Na midomo yetu sisi weusi msiiamini sana, mwingine kaumbwa nayo myeusi. Tazameni ulimi na ufizi. Mwambieni mama amchekeshe, akifungua kinywa mtaona. Msimlize kwa makusudi. Kwa nini msimlize, nitawaambia sasa.

Mtoto aliyenifunza hilo aliitwa Furaha. Mama yake, Mapenzi, alikuwa akiponda kokoto kule Mwakirunge, kwenye machimbo ya mawe, na siku hiyo alimleta kwa ajili ya upele. Moyo hakuutaja hata kidogo. Aliyeona kwanza alikuwa daktari wetu kijana, Brian, wa kutoka Kakamega. Mjue basi kwamba si sisi wazee tu tunaoona.

"Sista, umecheki yule mtoi?" akaninong'oneza. "Kutoka geti mpaka hapa amechuchumaa njiani, akainuka, na sasa amechuchumaa tena. Hiyo si kucheza."

Nikatazama. Mvulana wa umri wa kwenda nasari, mwembamba, amechuchumaa kando ya mlango, magoti yamefika kidevuni, anahema. Watoto wa kwenye benchi walikuwa wakimcheka wanamwita chura. Nilimsogelea nikamshika mkono. Ncha za vidole zilikuwa zimetuna na kucha zimebinuka. Nikamwambia anionyeshe ulimi, akautoa wote kwa ukorofi wa kitoto, nao ulikuwa ulimi wa mtu aliyetoka kula zambarau. Sasa zambarau haukuwa msimu wake.

"Amekuwa hivi tangu lini?" nikamuuliza Mapenzi.

"Tangu aanze kutambaa, Sista. Ana nyuni. Lakini hawe yake humtibu, na anapona."

Wa bara pengine hamjui. Nyuni kwetu ni ndege wa maradhi, wazee husema akimpitia mtoto humkaza, akageuka macho akakata pumzi. Hawe ni nyanya. Na nyanya yake Furaha, mama mkwe wa Mapenzi, alikuwa mtibabu wa nyuni anayejulikana, watu wanatoka hata Bamburi kumletea watoto.

"Anapona kila mara?" Brian akauliza.

"Kila mara," akasema Mapenzi, tena kwa fahari.

Brian akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akanipa na mimi chombo nikasikia ule mlio, mkwaruzo mkali pale ambapo panapaswa pawe na kimya. Tukampeleka hospitali kubwa akapigwa picha ya moyo. Tundu katikati, njia ya kwenda mapafuni imebana, na mengine yanayoandamana na hayo. Alihitaji kupasuliwa, na madaktari walisema asingoje kuwa mkubwa. Kulikuwa na mpango wa upasuaji bila malipo, jina lake likaingizwa. Nikafurahi nikadhani kazi ngumu imekwisha. Nilikuwa na miaka mingi kazini na bado nilikuwa mjinga wa namna hiyo.

Nyumbani walikataa. Baba yake, Kazungu, kibarua wa kupakia makontena Changamwe, alinijibu kwa adabu kwenye simu: "Mama akisema sawa, na mimi sawa." Na mama yake, yule Hawe, alikuwa amesema siyo sawa.

Basi tukaenda Mwakirunge, mimi na Brian, tukafika tumejaa vumbi la machimbo na moshi wa jaa la taka mpaka kwenye kope. Hawe alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka, akatupa madafu. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mama wa makamo yangu, mwenye mikono mikubwa, na msalaba ukutani kama nyumba nyingine yoyote ya Kikristo ya kwetu. Nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, akacheka, tukaulizana koo.

"Mimi sikatai hospitali," akaniambia. "Watoto wangu wote nilizalia hospitali. Lakini mnataka kumpasua kifua mudzukulu wangu, na mimi hapa namtibu anapona. Kwa nini nimpasue mtu anayepona?"

Na kabla hatujamjibu, alituonyesha, ingawa si kwa kupenda. Furaha alikuwa ananyang'anyana mkate na binamu yake, akalia kilio cha hasira, na kilio kikageuka. Akaanza kuhema kwa kina, haraka haraka, uso ukawa wa rangi ya majivu kisha wa buluu, macho yakalegea. Ndiyo maana nawaambia msiwalize. Mtoto wa moyo wa aina hii akilia sana, au asubuhi akijikamua chooni, damu inakataa kwenda mapafuni. Brian alikuwa ameshainuka. Hawe alimpita. Alimnyakua mtoto, akaketi kwenye kibao, akamkunja magoti mpaka kifuani, akayakaza kwa mikono yake yote miwili, akajifunika naye kaniki, kile kitambaa cheusi, juu ya sufuria ya vuo, maji ya majani yaliyokuwa yakingoja hapo kila siku. Akaanza kuimba chinichini.

Brian akanitazama, nami nikamtazama. Magoti kifuani. Ndivyo vitabu vyake vinavyosema. Ndivyo tunavyofanya wodini tukingojea oksijeni na dawa, kwani ukimkunja hivyo damu inalazimika kupita njia ya mapafu. Huyu mama hakuambiwa na mtu. Labda alijifunza kwa hawe yake, na yule kwa wake. Ule mvuke chini ya kitambaa haukumsaidia mtoto lolote, ulimnyima hewa tu. Lakini mikono yake ilikuwa imemshika sawasawa kabisa, na baada ya muda Furaha alitulia akaomba mkate wake.

Hapo ndipo nilipoelewa tulichokuwa tukipigana nacho, na nikavunjika moyo. Mganga anayeshindwa ni rahisi, watu humkimbia wenyewe. Huyu alikuwa hashindwi. Kila mara mtoto akikata pumzi, alimrudisha, na kila alipomrudisha hospitali ilizidi kuwa mbali. Nitamwambiaje mtu kwamba dawa yake inafanya kazi na bado mtoto atakufa?

Nikangoja. Furaha alirudi kucheza, akakimbia mpaka kwenye ua, akachuchumaa, magoti kidevuni.

"Hawe," nikasema, "mtazame. Pale hana vuo. Hana kaniki. Hakuna aliyemwimbia. Mbona anatulia?"

Akamtazama mudzukulu wake kwa muda. Nilimwona akifikiri, akili yake haikuwa nyuma ya mtu.

"Basi nyuni anaogopa magoti," akasema.

Brian akacheka akajizuia. Mimi sikucheka. "Anaogopa," nikamwambia. "Lakini anaondoka tu, hafi. Na mtoto anakua, miguu inarefuka. Iko siku magoti hayatamtosha."

"Siku hiyo tutaonana," akajibu, akatumiminia madafu mengine. Tukarudi mikono mitupu. Njiani Brian alikuwa na hasira, anasema mzee mmoja hawezi kuamua maisha ya mtoi. Nikamwambia aweke hasira akiba, ataihitaji. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa nimechoka hata hasira yenyewe sikuwa nayo. Kila wiki nilikuwa nampigia Mapenzi kumuuliza habari za mtoto, na kila wiki nikiogopa kabla hajapokea.

Siku waliyokuja tulikuwa katikati ya kliniki. Nilisikia bodaboda inapiga honi getini bila kukoma. Nyuma ya dereva alikuwa Hawe, kaniki imemwanguka mabegani, Furaha kifuani pake amekunjwa kama alivyomkunja ule mchana. Alikuwa amemshika hivyo kutoka Mwakirunge, mashimo yote ya njia ile. Mtoto alikuwa amelegea, rangi yake sitaki kuikumbuka. Mhudumu wetu, kwa nia njema, akamvuta mtoto amlaze kitandani anyooke.

"Usimnyooshe!" Hawe akapiga kelele. "Usimnyooshe mudzukulu wangu!"

"Muache amshike!" na Brian naye akapiga kelele kutoka mlango wa pili. "Shikilia hivyo hivyo, mama, usiachilie hata kidogo!"

Tukamweka oksijeni akiwa mapajani pake. Brian akatafuta mshipa, akampa dawa na maji. Hawe hakuimba. Aliniangalia mimi usoni muda wote, nami nilikuwa namwomba Mungu tu kama mtu yeyote asiyejua kazi. Kucha zilikuwa za kwanza kubadilika. Halafu mtoto akalia, kilio kidogo kichovu, na mara hii tukafurahi kukisikia. Tulipotaka kumchukua ikabidi nimsaidie Hawe kufungua vidole, vilikuwa vimekaza.

"Nilimkunja, akakataa," akaniambia. "Nilimkunja, Sista, akakataa kurudi."

"Najua."

"Mpelekeni."

Mngedhani hapo ndipo mwisho. Wanangu, sikilizeni upumbavu wa kazi yetu. Tukangoja nafasi, ikaja, wakapanda basi kwenda kwenye hospitali ya upasuaji, na wakarudishwa. Furaha alikuwa na gego lililooza. Hawawezi kumfungua moyo mtu mwenye jino bovu, kwa sababu uchafu wa jino huingia kwenye damu ukashika moyoni pale pale palipotengenezwa. Sisi tulikuwa tumemtazama ulimi, ufizi, kucha, hakuna aliyehesabu jino kuwa kitu. Nafasi yake akapewa mwingine. Mapenzi alikaa kwenye benchi letu akalia bila sauti, na mimi nilikwenda kusimama chooni kwa muda. Kwa hiyo mtoto wa moyo mkishampata, mpelekeni kwa daktari wa meno wiki hiyo hiyo. Akiharisha, mpeni maji upesi, damu yake ni nzito, kukauka ni hatari kwake kuliko kwa wenzake. Na wafundisheni wa nyumbani kumkunja, bila mvuke na bila kitambaa usoni. Kwa Furaha hilo halikuhitaji mwalimu wa nje. Katika miezi ile ya kungoja tena, Hawe alimfundisha Mapenzi, Kazungu, binamu, mwalimu wa nasari, hata yule dereva wa bodaboda. Sufuria ya vuo aliigeuza ya kuchemshia mihogo.

Nafasi ya pili ikapatikana. Wakaenda, wakamfungua, wakamtengeneza. Mapenzi alinipigia simu akawa analia tu haongei, nikakaa chini sakafuni hapo nilipokuwa kwa sababu sikujua ni kilio cha habari gani. Kisha akasema, "Sista, kucha zake ni nyekundu."

Ilikuwa karibu na siku zangu za mwisho kazini waliponiletea mtoto nimwone. Furaha alikuwa na kovu refu katikati ya kifua na kiburi kirefu zaidi, anafungua shati kumwonyesha kila mtu kwenye foleni. Alikimbia kutoka geti mpaka mlangoni bila kuchuchumaa, akageuka akakimbia tena kwa sababu tu anaweza. Brian alikuwa amehamishiwa Likoni, nikampigia simu ya video aone. Mapenzi akaenda kumchukulia dawa.

Hawe alibaki na mimi chumbani. Hakuwa na uso wa furaha niliokuwa naungoja.

"Sista Dama, nataka kukuuliza neno, na usinifiche kwa kuwa sisi ni wa nyumbani."

"Niulize."

"Nimetibu nyuni tangu nikiwa msichana. Wengi walipona. Wengine walirudi, nikawakunja, wakapona, wakarudi. Na wengine nikawakunja wakakataa, kama huyu alivyokataa." Akatazama mikono yake. "Hao walionifia mikononi. Nao walikuwa na maradhi ya moyo?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumliwaza, ni sehemu ya kazi hii, nanyi mtayajua. Ningeweza kumwambia ilikuwa malaria, degedege, amri ya Mungu. Na wengine kweli walikuwa na hayo.

"Wengine, Hawe," nikamwambia. "Wengine ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa kitu anachokijua. Nje watoto walikuwa wanalia kwenye mizani na foleni ilikuwa ndefu. Akaanza kuwataja majina, mmoja mmoja, na mama zao, na mahali walipokuwa wakikaa. Nikaurudisha mlango, nikavuta kiti karibu naye, nikamsikiliza mpaka akamaliza.